Chimbuko la Dhamiri: Mtu, Kitu na Utu katika Historia ya Kolwezi

1.0 Utangulizi

Swali la chimbuko la maadili ni la kale, na kila jamii imelijibu kwa namna yake. Kwa nini binadamu husutwa moyoni atendapo ovu, hata pale ambapo hakuna aliyemwona wala adhabu inayomngoja? Na kwa nini mtu mwingine huweza kutenda ovu lile lile mchana kweupe, mbele ya umati unaomshangilia, asisutwe hata kidogo?

Majibu makuu yaliyokwisha kutolewa ni manne. Wanadini hufundisha kwamba Muumba ndiye aliyeiandika sheria katika moyo wa mwanadamu. Wafuasi wa Immanuel Kant, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1785, hushikilia kwamba akili yenyewe humwamuru kila mtu amthamini binadamu kama lengo, asimfanye kamwe kuwa chombo tu. Émile Durkheim na wanasosholojia waliomfuata waliiona jamii kuwa ndiyo mama wa maadili: mtu husikia ndani yake kile alichofundishwa na kundi lake. Naye Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu, alieleza kwamba chanzo ni maumbile: viumbe waishio kwa makundi huzaliwa na silika ya kuoneana huruma, na silika hiyo ikikutana na akili inayokumbuka na kulinganisha, dhamiri huzuka.

Makala haya hayakusudii kuukata ugomvi huo. Kusudi lake ni kueleza namna majibu hayo yanavyopimwa na historia ya mahali pamoja, yaani Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba, na hasa namna lugha ya Kiswahili ilivyotumika mahali hapo, mara moja kuujenga utu na mara nyingine kuubomoa. Hoja itakayotetewa ni kwamba jamii hulea dhamiri lakini haitoshi kuwa chanzo chake, kwa kuwa jamii hiyo hiyo huweza kumwamuru mtu aizime.

Kolwezi ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huo. Neno mashamba, ambalo kwa msemaji wa Kiswahili popote pengine hukumbusha mihogo na mahindi, huko ni jina la mashimo makubwa ya shaba na kobalti: Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi. Watu walioyachimba hawakuwa wa kabila moja. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwatoa wafanyakazi wake Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na kwingineko. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawakalisha kambini pamoja na wake na watoto wao. Wasanga, Walunda, Wandembo, Wachokwe, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai walijikuta majirani, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili. Hapa basi swali la maadili lilikuwa swali la kila siku: mtu ana wajibu gani kwa jirani asiye wa ukoo wake?

2.0 Maneno yenyewe

Kabla ya kuitazama historia hiyo, yafaa kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili huyatumia kulitaja jambo hili.

Neno la kwanza ni dhamiri, ambalo katika maandishi ya Kongo huandikwa pia zamiri, kwa kuwa sauti ya dh haimo katika Kiswahili cha Katanga. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake hubeba maana ya kuficha au kuweka moyoni. Kutokana na mzizi huo huo Kiswahili kimepata pia dhamira, yaani kusudio la ndani. Katika sarufi ya Kiarabu, neno hilo hilo la asili huitwa pia kiwakilishi, yaani neno linalosimama mahali pa jina lililofichika. Kwa hiyo dhamiri, kwa asili yake, ni kile kilichositirika ndani ya mtu. Kifaransa, ambacho ni lugha ya shule huko Lualaba, hutumia neno linalotokana na Kilatini lenye maana ya kujua pamoja. Nalo hukusanya mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga, ufahamu na dhamiri. Lugha moja imesisitiza siri, nyingine imesisitiza ushirika.

Neno la pili ni moyo, au roho kama wasemavyo wengi wa Katanga, ambao humwita mtu mwovu kuwa ana roho mubaya. Moyo huambatana na kitenzi kusuta. Kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso na kumthibitishia uongo au ubaya wake. Asemapo Mswahili kwamba moyo wake unamsuta, anaeleza baraza zima lililomo ndani ya mtu mmoja: mshtaki, mshtakiwa na shahidi.

Neno la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa makala haya, nalo ni utu. Mtu, kitu na utu ni maneno ya mzizi mmoja, ambao katika lugha nyingi za Kibantu huonekana kwa umbo la -ntu. Msemaji wa Kolwezi husema muntu na bantu, na katika Kiluba utu wenyewe huitwa bumuntu. Alexis Kagame wa Rwanda, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1956, aliufanya mzizi huo kuwa msingi wa kuainisha vyote vilivyopo: muntu ni chenye akili, kintu ni kisicho na akili, wakiwamo wanyama na wadudu, hantu ni mahali na wakati, kuntu ni namna ya kuwapo.

Yapo mengi ya kubishania katika uainishaji huo, ila jambo moja ni dhahiri kwa kila msemaji. Kati ya mtu na kitu hakuna tofauti ya mzizi. Tofauti ni kiambishi tu. Wala utu si mzizi wa tatu: ni mzizi ule ule uliotiwa katika ngeli ya sifa na hali. Kwa hiyo lugha yenyewe inadokeza kwamba kuwa mtu kuna ngazi mbili. Kuna kuzaliwa mtu, jambo ambalo halihitaji juhudi, na kuna kuwa na utu, jambo ambalo mtu huweza kulikosa akabaki mtu vivyo hivyo.

3.0 Tempels na Jamaa

Mtu aliyelipeleka suala hili mbele ya ulimwengu wa wasomi kutoka Katanga ni Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alidai kwamba kwa Waluba aliowajua, kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai. Jema ni lile liongezalo nguvu hiyo, na ovu ni lile liipunguzalo, iwe katika nafsi yako au katika jirani yako. Kwa maneno mengine, maadili hayatoki nje kama amri ya mtawala: yamo ndani ya uhai wenyewe. Dai hilo lilimwudhi Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga, na Tempels akawa Ubelgiji kuanzia mwaka 1946 hadi 1949.

Aliporudi hakuendelea na utunzi wa vitabu vya namna hiyo. Mwaka 1953 alipewa kazi ya kuwatunza Wakristo wa kambi za migodi karibu na Kolwezi, na huko ndiko kulikozuka kundi la waumini lililoitwa Jamaa. Kundi hilo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1971, lilikuwa la mume na mke pamoja, na mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili. Msingi wake ulikuwa mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mwalimu wa Jamaa hakuanza na amri kumi. Alianza kwa kumwuliza mwanafunzi anachokitamani moyoni mwake. Kila mtu hutamani kuishi, hutamani kuzaa, hutamani kupendwa. Na katika kuyatambua matamanio hayo ndani ya mwenzake, mtu huuona utu wake na wa mwenzake kwa pamoja.

Kwa mtazamo wa swali letu, Jamaa walitoa jibu lililounganisha yale manne ya awali. Mbegu ya maadili imo ndani ya kila binadamu, na Mungu ndiye aliyeipanda. Lakini haioti bila kukutana na mwingine. Aidha, kukutana huko hakukuwekewa mpaka wa kabila. Mfanyakazi wa mgodini alipata baba na mama wa kiroho ambao pengine walizaliwa mamia ya kilomita kutoka kijiji cha wazazi wake wa damu. Katika mahali ambapo kampuni ilimhesabu mtu kwa zamu na kwa posho, Kiswahili cha Jamaa kilimhesabu kama muntu.

4.0 Pingamizi za wasomi

Mtazamo wa Tempels haukukosa wapinzani. Aimé Césaire, katika insha yake ya mwaka 1950 juu ya ukoloni, aliuliza kwa kejeli inakuwaje Mwafrika asifiwe kwa falsafa ya nguvu ya uhai ilhali mshahara wake, nyumba yake na chakula chake havitazamwi. Fabien Eboussi Boulaga mwaka 1968, kisha Paulin Hountondji katika miaka ya 1970, walikataa dhana kwamba taifa zima huweza kuwa na falsafa moja isiyo na mwandishi wala mabishano. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi ambaye kwa miaka kadhaa alifundisha Lubumbashi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi picha ya Mwafrika ilivyobuniwa na maktaba ya wakoloni na wamisionari.

Pingamizi hizi zina nguvu, na mojawapo inagusa kiini cha suala letu. Ikiwa maadili ya mtu ni yale yale ya kundi lake, nani atalikosoa kundi? Mwenye kusema kwamba Mbantu huongozwa na jamii yake anadhani amemsifu. Kumbe amemnyang'anya dhamiri, maana dhamiri ni uwezo wa kusema hapana hata pale wote wanaposema ndiyo. Mnamo mwaka 1992 hoja hii ilitoka vitabuni ikafika barabarani.

5.0 Neno bilulu

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa uliokuwa ukifanyika Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, mkoa ambao wakati huo uliitwa Shaba. Katika miezi iliyofuata watu wenye asili ya Kasai walishambuliwa na kufukuzwa, kwanza Likasi, kisha, mwaka 1993, Kolwezi. Vijana wa chama cha UFERI walikuwa mstari wa mbele, na uongozi wa mkoa haukuwazuia. Waliofukuzwa walihesabika kwa mamia ya maelfu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huko huko, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni. Walikusanyika katika vituo vya reli wakisubiri treni za kwenda katika nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona, na wengi walifariki njiani au wakingoja.

Jina walilopewa katika siku hizo ni bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu hawezi kulipita neno hili bila kusimama. Katika Kiswahili cha Katanga, wingi wa ngeli ya ki- huchukua bi-, kama vile kintu na bintu. Bantu wakawa bilulu: mzizi ukaachwa, na kiambishi nacho kikahamishwa kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya vitu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba sarufi ndiyo iliyotenda uovu. Kiswahili kinayo maneno mengi ya ki- yanayomtaja binadamu bila dharau, kama kijana na kiongozi. Na msemaji wa pwani husema kijana huyu amefika, akirudisha upatanisho wa ngeli ya watu hata pale umbo la jina linapoelekea kwenye vitu. Uovu haukuwa katika kiambishi bali katika uamuzi wa kumtoa jirani katika orodha ya wale ambao moyo hutusuta kwa ajili yao. Mdudu hafukuzwi kwa sababu ana hatia. Huondolewa nyumbani, na aliyemwondoa hulala usingizi. Kazi ya neno bilulu ilikuwa hiyo, kumpa mtenda usingizi. Kazi ya namna hiyo hiyo ilifanywa na neno inyenzi, yaani mende, huko Rwanda mwaka 1994.

Wala sheria haikukosekana. Tangu tarehe 7 Juni 1966 Kongo ilikuwa na sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Sheria ilikuwapo, mafundisho ya dini yalikuwapo, na Kolwezi ndiyo iliyokuwa kitovu cha kundi lililohubiri mapendo kwa Kiswahili kwa miaka arobaini. Kundi likasema jingine, na wengi wakalifuata kundi. Lakini si kila mkaaji aliyelifuata. Kulikuwa na ndoa nyingi za mchanganyiko, kulikuwa na majirani waliokuwa wamegawana maji, chumvi na misiba kwa vizazi viwili; na wapo waliokataa kulitamka lile neno. Hao hawakuipata dhamiri yao kwenye sauti ya kundi, kwa sababu sauti ya kundi ilikuwa imekwisha kutoa amri yake.

6.0 Silika na mpaka wake

Waliipata wapi basi? Utafiti juu ya watoto wachanga unatoa mwanga fulani. Mwaka 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba mtoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima asiyemjua, kwa mfano kumwokotea kitu kilichomponyoka, bila kuombwa wala kupewa zawadi. Mtoto wa umri huo hajajifunza bado methali wala amri. Mengzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya nne kabla ya Kristo, alikuwa amesema jambo la kukaribiana na hilo: yeyote amwonaye mtoto anakaribia kutumbukia kisimani hushtuka moyoni kabla hajafikiri juu ya sifa wala faida.

Lakini utafiti huo huo una upande wa pili, ambao unawahusu wanaisimu moja kwa moja. Mwaka 2007, Katherine Kinzler, Emmanuel Dupoux na Elizabeth Spelke walieleza kwamba watoto wa miezi mitano hadi sita humtazama kwa muda mrefu zaidi mtu aliyesema kwa lugha na lafudhi ya nyumbani kwao. Mtoto huzaliwa akiwa na mwelekeo wa huruma, na mapema sana huanza kuwabagua walio wake na wasio wake, na lugha ni mojawapo ya alama anazozitumia. Maumbile basi hutoa mbegu mbili katika udongo mmoja: huruma na mpaka wa huruma.

Hapa ndipo jamii inapoingia, na kazi yake ni kubwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mpaka haukuchorwa mara moja tu. Malezi huweza kuusogeza mbele au kuurudisha nyuma. Kambi ya mgodi ilipompa mtoto wa Kisanga na mtoto wa Kasai lugha moja, mpaka ulisogea mbele. Jamaa walipompa mfanyakazi baba wa kiroho wa kabila jingine, mpaka ulisogea tena. Mwaka 1992 neno moja liliurudisha nyuma kwa ghafla. Lakini aliyekwisha kumtambua jirani kuwa muntu, akajua kwamba naye anatamani uzima, uzazi na mapendo, hakuweza kwa urahisi kukisahau kile alichokijua. Maneno aliyofundishwa na jamii jana yalimsuta dhidi ya jamii ya leo. Hii ndiyo tofauti kati ya kutii kundi na kuwa na dhamiri: anayetii hurudia neno la mwisho alilolisikia, mwenye dhamiri hulipima kwa neno kubwa zaidi ambalo kundi lenyewe lilimfunza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba chimbuko la dhamiri si moja. Huruma ni ya kuzaliwa nayo. Upana wake hutegemea malezi na lugha. Nguvu ya kusimama peke yake hutokana na mtu kuyachukua yale aliyofundishwa kwa dhati kuliko walivyoyachukua waliomfundisha. Anayeamini kwamba yaliyomo ndani ya mtu yalipandwa na Mungu hazuiwi na lolote kati ya haya, wala asiyeamini haondolewi wajibu.

Suala hili halijapitwa na wakati huko Lualaba, mkoa uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Wahamiaji kutoka Kasai wameendelea kufika, na kobalti imewaleta wachimbaji kutoka pande nyingi. Mwezi Juni 2019 ardhi iliporomoka katika mgodi wa Kamoto Copper Company karibu na Kolwezi, ikawaua makumi ya wachimbaji wadogo. Na katika habari nyingi zilizotangazwa, sifa ya kwanza waliyopewa marehemu ni kwamba walikuwa haramu. Neno haramu si sawa na neno bilulu, kwani lina maana yake katika sheria. Hata hivyo linapotangulia neno watu, msikilizaji amekwisha kuelekezwa ni kiasi gani ahuzunike.

Kwa hiyo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanao wajibu ambao si wa kisarufi pekee. Kuchunguza namna jirani anavyotajwa sokoni, redioni na katika mikutano ya siasa ni sehemu ya taaluma yao, na kabla ya vijana kuchukua fimbo mwaka 1992, jina lilikuwa limekwisha kutangulia. Kati ya mtu na kitu hakuna tofauti ya mzizi. Kuna kiambishi kimoja tu, nacho hutamkwa na kinywa cha mtu.